Mshipi wa Mjomba na Hesabu Niliyoifundisha Jumanne

Jumanne moja ya Agosti, nikiwa fildi kwenye shule moja ya sekondari huko Mbagala, niliingia kidato cha kwanza na kisu cha jikoni na viazi viwili. Mada ilikuwa kanieneo. Nikawauliza wanafunzi: kwa nini kisu kikali kinakata na kibutu hakikati, wakati mkono unaosukuma ni uleule na nguvu ni ileile? Binti mmoja wa nyuma akajibu, "Kwa sababu kikali ni chembamba, mwalimu." Nikampongeza. Nikaandika ubaoni: kani gawanya kwa eneo, eneo likipungua kanieneo inapanda. Msimamizi wangu alikuwa amekaa pembeni anajaza fomu, na alama alizonipa siku ile sijawahi kuzipata tena.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo nilishuka Kariakoo na hela ya fildi mfukoni, nikamnunulia mjomba wangu mshipi mwembamba kuliko wote aliowahi kushika.

Niwaeleze mjomba ni nani. Anakaa Kunduchi, anavua tangu hajaota ndevu, ana boti ya faiba ya futi 21 wanayochangia na mwenzake. Mkopo wangu wa bodi haufiki asilimia mia, na kile kipande cha ada kinachobaki hulipwa na samaki wa mjomba. Sitanii. Kuna muhula risiti yangu ya benki ilinuka vibua kwa sababu hela ilitoka moja kwa moja kwenye ndoo ya Anti, mkewe. Kwa hiyo nilipopata hela ya fildi nilitaka nami siku moja niwe mtu wa kutoa.

Mjomba ni mtu wa mshipi wa mkono. Nailoni nene ya milimita 1, ndoana, chubwi, chambo cha ngisi, basi. Akiwa safarini anarambaza: anaachia mshipi nyuma ya boti na kijichambo cha manyoya, anaushika kidoleni na kusikiliza. Ila mwaka jana alianza kuwatazama vijana wa boti za watalii za Msasani. Wale hawashushi chubwi. Wakiona ndege wanapiga maji wanazima injini mbali kidogo, wanasimama mbele ya boti, wanarusha chambo bandia kwa fimbo hadi kwenye kundi la dagaa, wanakivuta kwa vishindo. Kolekole anapanda juu na kukigonga mpaka maji yanaruka. Mjomba alinisimulia hayo kama mtu aliyeona mpira wa fainali.

Mimi nikaingia intaneti. Usiku mzima hosteli, bando la mwenzangu. Nikajifunza kwamba wale wanatumia mshipi wa kusuka, si nailoni. Ni nyuzi za polyethilini zilizosukwa kama nywele, 4 au 8 au zaidi, na kwa unene uleule zina nguvu kuliko nailoni mara kadhaa. Nikaona herufi PE kwenye kasha na namba pembeni. Namba hiyo ni ya unene: PE 1 ni kama milimita 0.165, PE 3 ni kama 0.285. Nikanunua PE 3, nyuzi 8, mita 300, kasha limeandikwa ratili 50, yaani kama kilo 22. Elfu sabini na tano baada ya kubembelezana. Fimbo na rili hela haikutosha. Nikajisemea, mshipi ni mshipi, mjomba ataanza nao kwa mkono.

Hapo ndipo mwalimu wa Jumanne alipaswa kuamka. Hakuamka.

Mjomba aliupokea kwa mikono miwili. Akauvuta, akashindwa kuukata, akacheka. "Mjomba," akaniambia (sisi tunaitana hivyo wote wawili, kama ilivyo kwa wajomba na wapwa), "huu utanizika nao." Akaukunja kwenye kipande cha boya. Wiki mbili baadaye, kusi ikiwa imepoa kidogo, alikuwa anarambaza nje ya Mbudya, mbali na mipaka ya hifadhi maana ndani ya hifadhi ile kuvua ni marufuku, mshipi umepita kwenye kidole cha shahada mkono wa kulia. Akagonga samaki. Mwenzake anasema alikuwa nguru. Mjomba anasema hakumwona, aliona damu tu.

Uzi uliingia kwenye kidole mpaka kwenye kano. Wakaukata kwa kisu, samaki akaondoka na kila kitu. Zahanati walimshona nyuzi saba na kumwambia asitie mkono kwenye maji ya chumvi kwa wiki nne. Wiki nne za mwisho kabla ya usajili wa mwaka wa tatu.

Nilipanda daladala mbili kutoka Chang'ombe mpaka Mtongani, nikashuka na kutembea kwenda pwani huku natafuta maneno. Nilimkuta amekaa kibarazani, mkono umefungwa, anaangalia boti yao ikitoka na mtu mwingine. Anti akanipa chai, hakuniambia kitu, na Anti akinyamaza ujue jambo ni kubwa. Nikaanza kueleza. Nikachukua mkaa nikachora sakafuni. Nailoni yako ina upana wa milimita 1. Uzi huu ni 0.285. Samaki anavuta kwa nguvu ileile, kidole ni kilekile, lakini sehemu inayokandamizwa imekuwa nyembamba mara tatu na nusu. Kwa hiyo kanieneo imepanda mara tatu na nusu. Halafu nailoni inanyumbuka, ukiivuta sana inaweza kurefuka kwa moja ya tano au zaidi kabla ya kukatika, kwa hiyo ule mgongo wa kwanza wa samaki unamezwa na mshipi wenyewe. Wa kusuka haurefuki hata nusu ya hapo. Kila kitu kinafika kidoleni, na kinafika mara moja.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Hiyo hesabu ulikuwa nayo kabla, au umeipata baada?"

Nikamwambia kabla. Nikamwambia niliifundisha Jumanne.

Akatikisa kichwa taratibu, akaangalia baharini. Kiukweli ningependa anitukane. Baada ya muda akauliza swali ambalo mpaka leo naliona kubwa kuliko maswali yote niliyowahi kuulizwa darasani: "Sasa wale wa Msasani wanautumiaje na vidole wanavyo?"

Jibu lake ndilo lililonichukua miezi mitatu iliyofuata, na ndilo ningependa mwenzangu yeyote mwenye ndugu baharini alijue kabla hajatoa hela. Ule mshipi haukutengenezwa kwa ajili ya mkono. Umetengenezwa kwa ajili ya fimbo na rili. Fimbo inapinda, na kule kupinda kunachukua kazi ya kunyumbuka iliyokuwa inafanywa na nailoni. Rili ina breki: samaki akivuta kupita kiasi ulichoweka, bobini inazunguka na uzi unatoka. Ukiondoa hivyo viwili, kinachobaki kunyumbuka ni nyama yako.

Kijana mmoja wa boti za watalii, jirani wa mjomba, alikuwa na rili kuukuu ambayo tajiri wake aliitupa kwa sababu mkono wake umepinda. Aliinyoosha kwa koleo, akatuuzia kwa bei ya kindugu pamoja na fimbo fupi iliyowahi kukatika na kuungwa. Huyo ndiye mwalimu wangu wa kweli katika jambo hili, na hajamaliza darasa la saba. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua mita 200 zilizobaki za uzi wangu na kuniuliza chini nimeweka nini. Sikuelewa. Akanionyesha: uzi wa kusuka unateleza, ukiufunga moja kwa moja kwenye bobini utazunguka wote kama bangili, samaki akivuta unadhani breki imekufa kumbe uzi ndio unaozunguka. Unaanza na mita chache za nailoni chini, ndipo unaunga wa kusuka. Na unaukunja ukiwa umekazwa, mtu anaushika kwa kitambaa chenye maji, la sivyo tabaka la juu linazama ndani ya la chini na siku ya kurusha unapata kiota cha ndege.

Nikamuuliza kwa nini wanajisumbua hivyo, si wangetumia nailoni. Akarusha mara moja na nailoni, mara moja na wa kusuka, kwa chambo kilekile cha plastiki chenye mdomo uliobonyea. Tofauti niliiona kwa macho. Uzi mwembamba haushikwi sana na upepo wala hausugui sana kwenye pete za fimbo, kwa hiyo unakwenda mbali. Na kwa samaki wa juu umbali ndio kila kitu, maana ukisogeza boti juu ya dagaa, ndege wanaruka na kolekole wanazama. Pia kwa kuwa haunyumbuki, ukishtua fimbo chambo kinashtuka papo hapo hata kikiwa mita 40. Kwa nailoni unakuwa kama unavuta mpira wa manati.

Sasa mwamba. Kunduchi mpaka huko nje ni matumbawe, na uzi wa kusuka ukikazwa ukagusa tumbawe umekwisha, nguvu ya kilo 22 inabaki kwenye kasha. Kwa hiyo mbele kabisa lazima uweke kipande cha nailoni nene, sisi tunaweka mita 2 za ile ileile ya milimita 1 ya mjomba. Akilengwa nguru au mzia tunaongeza waya mfupi kwa ajili ya meno. Mjomba alipoona nailoni yake imerudi mbele ya ule uzi wa elfu sabini na tano alicheka kwa mara ya kwanza tangu ajali.

Kuunga hivyo viwili ndiko kulikonitoa jasho. Fundo la kawaida linateleza, uzi wa kusuka ni kama umepakwa sabuni. Kijana alinifundisha fundo ambalo nailoni yenyewe haikunjwi hata kidogo, bali uzi wa kusuka unazungushwa juu yake upande huu na upande ule, kama mara ishirini, mpaka unaivaa kama soksi. Ukivuta unabana zaidi. Nilifunga mafundo kitandani hosteli mpaka wenzangu wa chumba wakadhani nimeingia kwenye ushirikina. Mafundo kumi ya kwanza yaliteleza yote. La kumi na moja likashika, na lile la samaki wetu wa kwanza wa maana likateleza tena, mbele ya mjomba, na chambo cha elfu kumi na tano kikaenda zake. Hakusema kitu. Alinipa tu mkono ule mzima nimsaidie kukaa.

Breki tuliipima kwa mzani wa kuning'iniza wa mama muuza samaki. Kanuni ni robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi. Kwa kilo 22 ni kama kilo 5 na nusu hadi 7, tukaweka 5, kwa sababu fimbo ina kovu na mimi ni mwoga. Na chambo kikinasa kwenye mwamba, hakuna kuzungusha uzi mkononi ili kuukata. Tuna kipande cha mpini wa jembe, tunauzungusha hapo. Hiyo sheria mjomba mwenyewe aliiweka, na kila kijana anayepanda boti yake anaonyeshwa kidole kwanza.

Kuhusu nyuzi 4 au 8, nisiwadanganye, kwa boti yetu ningeanza na 4. Wa 8 ni laini, mviringo, hauna kelele kwenye pete. Lakini kila uzi mmoja ndani yake ni mwembamba zaidi na unachoka haraka ukisugua. Sisi hatuna rili za kubadilisha. Na nisingenunua wa bei chee usio na unene ulioandikwa, maana wengine huandika nguvu kubwa na kumbe uzi ni mnene tu. Wote lakini unawaosha maji baridi ukirudi. Chumvi ikikauka katikati ya nyuzi inakuwa msasa.

Ada nilichelewa. Nilisajiliwa dirisha likiwa karibu kufungwa, baada ya Anti kuuza sehemu ya mchezo wake wa upatu kwa jirani. Hilo deni nalilipa kwa bumu kidogokidogo na bado halijaisha. Kidole cha mjomba kimepona, ila hakikunji mpaka mwisho. Akishika kikombe kinabaki kimenyooka kama anamwonyesha mtu njia.

Januari, kaskazi ikivuma asubuhi, tulizima injini mbali na ndege. Mjomba alirusha mwenyewe, fimbo ameishika kwa vidole vinne. Kolekole alipogonga breki ililia, uzi ukatoka, fundo likashika. Alikuwa wa kilo 9 kwa mzani uleule wa mama. Mjomba aliangalia bobini inavyozunguka, akaniambia bila kugeuka, "Mjomba, hii ndiyo ungeanza nayo."

Kile kipande cha uzi chenye damu Anti hakukitupa. Alikiosha, na turubai la kibarazani limeshonwa nacho.