Kompyuta Haifunzwi kwa Kutazama

Elimu bila amali, walisema wahenga, ni kama nta bila asali. Mimi hufunza kompyuta katika shule moja ya upili jijini Nairobi. Mashine moja, wanafunzi watatu. Aliye na kompyuta kwao huvamia kibodi, wenziwe wakabaki kutazama. Hivyo ajuaye huzidi kujua, na asiyejua hutoka alivyoingia.

Basi nimeweka sheria: kila baada ya dakika 10 hubadilishana viti. Ajuaye zaidi hueleza kwa mdomo tu, mikono mfukoni.

Katika KCSE, somo hili lina karatasi tatu: nadharia, vitendo na mradi. Kujiandaa kwa mradi, kila mmoja hutengeneza kitu cha kusaidia kazi ya nyumbani kwao. Msichana mmoja asiye na kompyuta kwao alihamisha daftari la madeni la mamake, muuza mitumba wa Gikomba. Ilimbidi kwanza amhoji: nani hukopa, hulipa lini? Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kubofya ni mwisho.

Mzazi, shule zikifungwa usiulize alama pekee. Muulize mwanao ametengeneza nini.