Milwaukee pazuri, ila uliza umri wa nyumba

Mama zangu, wengi mnaniuliza kama mhamie Milwaukee. Pamependeza kweli. Maghala ya zamani ya Third Ward sasa ni nyumba za watu na maduka, kiangazi watoto wanachimba mchanga Bradford Beach, na Ziwa Michigan ukilitazama utadhani bahari (chumvi tu ndiyo haina).

Ila kabla hujasaini mkataba, uliza nyumba ilijengwa lini. Rangi za nyumba zenye madini ya risasi zilipigwa marufuku Marekani mwaka 1978, na nyumba nyingi za huku ni kongwe kuliko hapo. Zile za kabla ya 1951, hata bomba linaloingiza maji laweza kuwa la risasi. Mtoto anayetambaa anagusa vumbi la dirishani, kidole mdomoni, basi. Homa hamna, kuharisha hamna. Kinachoumia ni ubongo.

Apimwe damu akiwa na miezi 12, na tena 24, hata kama anacheka na anakula vizuri. Dirisha futa kwa kitambaa chenye maji, usifagie kavu. Kuchemsha maji hakuondoi risasi, jamani. Tafuta kichujio kilichothibitishwa kuiondoa. Na majibu yakitoka, omba namba yenyewe, usiridhike na "yuko sawa".