Dar hadi Mwanza: Saa moja na nusu ya ndege, nusu siku ya mtoto

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi Uwanja wa Ndege wa Mwanza ni takriban kilomita 850 kwa mstari ulionyooka. Kwa barabara, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, ni zaidi ya kilomita 1,100. Ndiyo maana mzazi mwenye mtoto mchanga akijaliwa nauli huchagua ndege: saa moja na nusu hivi, badala ya siku nzima ndani ya basi.

Lakini muda huo ni wa ndege, si wa mtoto. Anayetoka Mbagala au Tegeta huondoka nyumbani mapema akihofia foleni, hutakiwa kufika uwanjani saa mbili hivi kabla ya safari, na akitua Mwanza husubiri mizigo, kisha husafiri tena karibu kilomita 10 kuingia mjini. Ukijumlisha, ni nusu siku. Basi nepi, maziwa na nguo za kubadilisha zitoshe nusu siku, tena ziwe kwenye begi la mkononi. Begi kubwa hutaliona tena mpaka Mwanza.

Angani, safari yenyewe ni nzuri. Bahari inabaki nyuma, nyanda kavu za kati zinapita chini, kisha linatokea Ziwa Victoria na miamba yake. Ila kabla hujaliona ziwa vizuri, ndege huwa imeshaanza kushuka, dakika 20 hadi 30 kabla ya kutua. Hizo ndizo dakika ngumu kwa mtoto.

Ndege ikiwa juu, hewa ndani yake huwa nyepesi, kama ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400. Ikishuka, mgandamizo wa hewa huongezeka na kusukuma ngoma ya sikio kwa ndani. Mtu mzima humeza mate au hupiga mwayo, na mrija unaounganisha sikio na nyuma ya koo ukafunguka. Mrija wa mtoto ni mwembamba zaidi, naye hajui la kufanya. Hulia kwa maumivu, huku abiria wakimtazama mama yake kwa jicho la lawama.

Dawa yake ni kumeza. Mtoto aamshwe ndege inapoanza kushuka, anyonyeshwe au apewe chupa akiwa ameinuliwa kichwa. Mkubwa kidogo anywe maji kidogo kidogo. Usimalize kumnyonyesha katikati ya safari; mbakizie njaa kidogo ya kushukia.

Mtoto mwenye mafua makali au maumivu ya sikio apelekwe kwa daktari kabla ya siku ya safari, kwa kuwa mrija ulioziba haufunguki kirahisi. Mwenye selimundu, ugonjwa wa moyo au wa mapafu, mzazi amweleze daktari wake mapema, maana hewa ya juu ina oksijeni pungufu. Huyo wa selimundu anywe maji ya kutosha na avikwe sweta, kwani ndani ya ndege huwa na baridi.

Kuahirisha safari kunaweza kukugharimu nauli, na inauma. Hata hivyo, daktari akisema subirini, subirini.