Kutoka daftari la mkunga, Temeke

Jumanne, 4 Machi
Mimba ya nne, wiki 30, kimo cha tumbo sentimita 38. Mawifi wameshanunua nguo za mapacha. Nimemlaza, nikaweka kiganja upande mmoja wa tumbo na kugonga kwa kidole upande wa pili: wimbi likanifikia mkononi. Ultrasaundi imeonyesha mtoto mmoja, na kina cha maji sehemu nne za tumbo, kwa jumla sentimita 29. Kuanzia 25 ni mengi.

Amefunga, ila daku alikula saa kumi na moja kasoro, kwa hiyo kipimo cha sukari kimesubiri hadi saa nane mchana: 6.4. Kwa mjamzito, 5.1 tu tayari ni tatizo. Sukari ya mama huvuka kondo, mtoto hukojoa sana, na maji anayoogelea sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe. Nilipomweleza hilo, kicheko chake kilisikika hadi dirisha la dawa. Nimemwambia aache kufunga, atalipa baadaye. Anataka kwanza kumuuliza shehe. Amuulize, lakini kesho aende kliniki ya sukari.

Alhamisi, 6 Machi
Binti, wiki 24, na mama yake mdogo ambaye ndiye anajibu kila swali. Nikamtuma mama mdogo akatoe kopi ya kadi. Mlango ulipofungwa: "Sista, mimi navuta unga." Asubuhi asipopata, arosto.

Nyumbani wamepanga kumfungia chumbani hadi unga umtoke mwilini. Nia njema, lakini arosto ya ghafla humshika na aliye tumboni. Mfuko wa uzazi hukaza, uchungu huweza kuanza kabla ya wakati, mtoto huweza kufia ndani. Mwongozo wa WHO wa 2014 uko wazi: mjamzito asikatishwe ghafla, apewe methadone. Muhimbili walianza kuitoa 2011. Nimeandika rufaa.

Mama mdogo aliporudi aliuliza kama hiyo methadone si unga mwingine. Ni ya ukoo mmoja, nikamwambia, ila inanywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na mwili haupandi na kushuka.

Wapo wahudumu wanaowaita "teja" mbele ya foleni. Aliyeitwa hivyo hudhurio la kwanza, la pili haji, na anakuja kuonekana siku ya uchungu.

Jumatatu, 17 Machi
Mama wa maji mengi amekuwa akimeza diklofenaki ya duka la dawa kwa ajili ya mgongo. Hakuna aliyemuuliza dukani kama ni mjamzito, na tumbo lile! Tukisema "matumizi ya dawa" kila mtu anawaza unga.

Jirani kamwambia dawa hizo hupunguza maji, basi azidishe. Kweli, baada ya wiki 20 zinaweza kuyapunguza, kwa kubana figo za mtoto. Tena huweza kufunga mapema mshipa wa karibu na moyo unaotakiwa kubaki wazi hadi azaliwe. Nimempa parasetamoli. Chupa ikipasuka nyumbani, alale kwa ubavu, makalio juu ya mto, bajaji iitwe hapo hapo. Maji yakitoka kwa kishindo kitovu huweza kutangulia, au kondo likaachia.

Ijumaa, 4 Aprili
Binti kaja peke yake. Dozi ya methadone imeongezwa, na nyumbani wanasema amerudi nyuma. Hapana: mimba ikikua mwili huimaliza dawa haraka zaidi. Nimemweleza kwamba siku ya pili au ya tatu mtoto huweza kutetemeka, kupiga chafya mfululizo na kulia kwa sauti nyembamba. Ataangaliwa, atatibiwa, na atanyonya.

"Hawatanichukulia mtoto?"
"Nani?"
"Watu."

Jumanne, 29 Aprili
Mama wa maji mengi kajifungua hospitali, kilo 4.1. Daktari alitoboa chupa kwa tundu dogo, maji yakatoka polepole. Baada ya kondo damu ikazidi, maana mfuko uliotanuka vile hukaza kwa uvivu. Oksitosini na kusugua tumbo, ikatulia. Kabla ya kunyonya mtoto alipitishiwa mrija kooni, kwa sababu njia ya chakula iliyoziba nayo huleta maji mengi. Umefika tumboni. Sukari yake ilikuwa chini, imepanda baada ya kunyonya.

Binti anatarajia mwishoni mwa Juni. Niwaombe mapema wodi ya watoto kitanda cha siku 5 hadi 7, na nimjue nesi wa zamu.