Kifafa na Mishipa ya Fahamu

Neno mshipa lina kazi nyingi katika Kiswahili. Kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa shingo, na kuna mshipa wa fahamu, ambao wataalamu huuita pia neva. Jina hili la tatu hunipendeza mimi mwalimu wa lugha, kwa kuwa limeiweka fahamu ndani ya mwili, si nje yake. Lugha imekwisha kukiri jambo ambalo mioyo mingi bado inalikataa.

Sisi wa Morogoro tunaishi chini ya milima ya Uluguru, na mwendo wa maji yake tunaujua. Vijito hukutana bondeni, vikaongeza mto Ruvu, na Ruvu ikanywesha Dar es Salaam. Mtu aweza kudhani kuwa habari za mwili hupita ndani ya mshipa vivyo hivyo. Sivyo. Chembe ya fahamu ina kiwiliwili, matawi yapokeayo habari, na mkia uzipelekao. Mkia utokao uti wa mgongo hata mguuni waweza kupata urefu wa mita moja. Chembe ikitulia, ndani yake huwa na chaji hasi, tofauti ya milivolti 70 hivi na nje. Ikiamshwa, milango midogo katika utando wake hufunguka, sodiamu ikaingia, kisha potasiamu ikatoka. Badiliko hilo huamsha sehemu ya pili, na ya pili huamsha ya tatu, kama nyumba za mlimani zipokezanavyo mwito. Hakuna mjumbe aliyesafiri, walakini habari imefika, na katika mishipa minene hupita zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Waingereza Hodgkin na Huxley waliyaeleza hayo mwaka 1952 kwa kuchunguza mshipa wa ngisi.

Mwisho wa mkia pana ufa mwembamba sana, na aghalabu habari huuvuka kwa kemikali. Baadhi ya kemikali hizo huamsha chembe ya pili, nyingine huinyamazisha. Ubongo wa mtu una chembe za namna hii bilioni 86 hivi, na amani yake hutegemea wenye kunyamazisha sawasawa na wenye kuamsha. Baraza ambalo wote husema kwa pamoja si baraza tena, ni ghasia. Kifafa ni ghasia hiyo: chembe nyingi hupaza sauti kwa wakati mmoja, mwili ukakakamaa, ukatetemeka, fahamu ikatoweka kwa muda.

Mkoa wetu una historia yake katika jambo hili. Kusini, katika milima ya Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianza kuwatibu wenye kifafa karibu na mwaka 1960. Aliwakuta wagonjwa waliotengwa, na wengine wenye makovu ya moto, kwa sababu mtu akianguka mekoni wenziwe waliogopa kumgusa, wakidhani mate yake yaambukiza. Aliwapa fenobabitoni, dawa iwapayo nguvu wanyamazishaji wa ubongo, na wengi wakapata nafuu. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa kifafa huzidi mahali penye usubi mwingi, yaani ugonjwa wa minyoo uletwao na vijinzi vya mito iendayo kasi. Uluguru nako usubi umepata kujulikana. Malaria ya ubongo, tegu wa nguruwe na madhara ya uzazi mgumu huweza pia kuleta kifafa. Katika sababu zote hizo hapana hata moja ipitayo katika mate.

Mwaka mmoja kijana alianguka darasani mwangu. Wenziwe walikimbilia mlangoni, nao ni wasomi. Msichana mmoja alibaki. Alisogeza viti, akamwekea kanga yake chini ya kichwa, na mtetemeko ulipokoma tukamlaza kwa ubavu. Siku ya tatu kijana alikuja ofisini. Baada ya shikamoo hakuuliza habari za mtihani. Aliuliza, "Mwalimu, nani alinigusa?" Nilipomtajia jina alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nyumbani ni mama peke yake."

Jibu hilo limekaa nami kuliko hesabu zote za milivolti. Elimu ya chembe ni elimu ya ajabu, lakini faida yake huonekana siku mtu aangukapo. Ajuaye huondoa moto na vitu vikali, hamtii mgonjwa kitu kinywani, hamkandamizi, hutazama saa. Degedege lizidipo dakika tano, humpeleka hospitali. Asiyejua hukimbia, akamwachia mwenziwe moto.

Fahamu ya mgonjwa hupotea kwa dakika chache, kisha hurudi yenyewe. Ile ya watazamaji yaweza kupotea kwa vizazi, wala hairudi bila ya kufundishwa.