Chupa ya Nusu Lita

Nimesimama kushuhudia mara tatu kwenye jumuiya yetu, na mara zote tatu nimeyaona macho ya watu yakisubiri neno lile: na leo mnaniona mzima. Neno hilo sina. Figo zangu hazijarudi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa bado naondoka nyumbani Old Moshi kabla jua halijatoka, nashuka mjini kwa daladala ya kwanza, naunganishwa na mashine ya kusafisha damu kwa muda wa saa nne. Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kuninong'oneza kwamba ushuhuda wa namna hii ungengoja kidogo, mpaka Bwana amalize kazi yake. Nilimwelewa. Lakini habari ya kungoja ndiyo hasa ninayotaka kuisimulia.

Presha nilikuwa nayo zaidi ya miaka minane. Dawa nilimeza kichwa kikiuma. Kikiacha, nazirudisha kabatini. Hapo sina wa kumlaumu. Mwaka 2019 miguu ikaanza kuvimba, nikadhani ni kusimama dukani, maana nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na kutwa niko wima. Baadaye chakula kikaanza kuninukia, na mdomo ukawa na ladha ya chuma. Daktari aliposoma majibu alivua miwani kwanza ndipo akaongea. Daktari akivua miwani, ujue. Nilikuwa na miaka 47.

Siku ya kwanza kwenye mashine, mpira ukiwa umechomekwa shingoni, nilimuuliza sista aliyekuwa ananihudumia, "Sista, hii ni mpaka lini?" Akainua macho kwenye saa ya ukutani. "Mpaka saa sita, baba."

Nilimchukia wiki nzima.

Mtu wa duka hesabu iko kwenye damu. Jioni hiyo niliteremsha kalenda ya ukutani, ile kubwa wanayotugawia wauzaji wa jumla kila mwisho wa mwaka, nikaigeuza, nikaanza kupiga hesabu kwa nyuma. Mara tatu kwa wiki, mara 156 kwa mwaka. Miaka kumi, 1,560. Sindano mbili kila mara, 3,120. Nauli ya kwenda na kurudi. Nauli ya mke wangu siku akinisindikiza. Duka litafunguliwa na nani. Ada ya sekondari itatoka wapi. Nilifika mpaka kwenye bei ya mbao za jeneza, na bei ya mbao nilikuwa naijua vizuri kuliko watu wengi. Ikawa ndiyo kazi yangu ya kila jioni. Upande wa mbele wa kalenda nikawa nakata siku kwa kalamu nyekundu. Siku za mashine nilizikata, na zile za katikati nikazikata vilevile, kwa kuwa hazikuwa na kazi nyingine zaidi ya kungojea mashine.

Usiku mmoja binti yangu, wakati huo yuko darasa la tano, alikuja na daftari lake la hisabati. Sehemu zilimshinda. Nikamwambia, "Kesho, mama." Alikuwa ameshaambiwa kesho siku nne. Hakulia wala hakununa. Alifunga daftari taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa, akaenda zake. Mke wangu alikuwa anapakua. Akaweka mwiko chini. "Baba," akasema, "umejizika mapema mno. Sisi bado tunakusubiri mezani."

Sikumjibu. Nilikasirika, tena sana, na hasira ile nilienda nayo mpaka hospitali kesho yake.

Kwenye kitanda cha pili kutoka kwangu alikuwa akilala mama mmoja, mwalimu mstaafu, Mkatoliki wa kufa na kupona. Mimi ni Mlutheri, na maaskofu wa Vietnam sikuwa na habari nao. Yeye ndiye aliyenisimulia habari za François-Xavier Nguyễn Văn Thuận, huku damu zetu zikizunguka. Alinisimulia kama anavyosimulia mtu aliyefundisha darasa la watoto sitini: polepole, na anakurudisha nyuma ukionekana hujashika. Huyu Thuận alikamatwa tarehe 15 Agosti 1975, miezi michache tu baada ya kuteuliwa askofu mkuu mwandamizi wa Saigon. Hakufikishwa mahakamani. Alikaa kizuizini miaka 13, tisa kati ya hiyo akiwa peke yake. Mwanzoni alijiuliza swali langu lilelile, mpaka lini, kisha akakata shauri kwamba hatangojea kufunguliwa. Siku aliyo nayo ndiyo atakayoiishi, na ataijaza upendo.

"Kujaza upendo gerezani, kwa nani?" nikauliza.

"Kwa waliokuwepo," mwalimu akasema. "Askari. Nani mwingine?"

Kisha akaniambia jambo ambalo lilinifanya nigeuke kumtazama, na ukiwa kwenye mashine hugeuki ovyo. Oktoba ya mwaka uleule, mtoto wa miaka saba alimletea kwa siri kalenda zilizopitwa na wakati, na Askofu akawa anaandika nyuma ya karatasi zake maneno ya kuwatia moyo waumini wake. Mtoto alizipeleka nyumbani, ndugu zake wakazinakili, na baadaye zikawa kitabu. Misa alisoma kwa matone matatu ya divai na tone moja la maji kiganjani. Divai ilimfikia kwa jina la dawa ya tumbo. Alipokamatwa alikuwa na miaka 47.

Nilirudi nyumbani nikaitazama kalenda yangu. Karatasi ileile, upande uleule wa nyuma. Sitasema nililia. Niliita, "Mama, lete daftari," tukafanya sehemu mpaka saa nne usiku, nami nikakosea mbili.

Laiti ningeweza kusema kuanzia hapo nikawa mtu mpya. Nilichofanya ni kujaribu kuigeuza habari hii kuwa mbinu. Nikiwa kitandani nilifumba macho, nikajilazimisha kuwa hapa na sasa, nikingojea amani inishukie. Siku moja, saa ya tatu ya mashine, mguu wa kushoto ukakaza. Kukaza kwa misuli kwenye mashine ni kitu kingine: maji yanavutwa mwilini haraka, shavu la mguu linakuwa jiwe, vidole vinajikunja vyenyewe. Nilipiga kelele kama mtoto. Wanaosema kuishi wakati uliopo ni raha tupu, nadhani hawajafika saa ile ya tatu. Wakati uliopo ulikuwa mbaya, na nilikuwa ndani yake wote. Sala iliyonitoka haikuwa na adabu yoyote: nipe dakika hii, Bwana, zingine sizitaki. Nikaipata hiyo dakika. Nikaomba nyingine. Sista akaja, akapunguza kasi ya kuvuta maji, akanisukumia unyayo kwa kiganja chake mpaka misuli ikalegea. Ni yuleyule wa saa sita.

Kilichonifundisha zaidi ya kitabu chochote ni chupa ya maji. Mtu wa mashine hapewi kunywa anavyotaka, kwa sababu figo hazitoi tena, na maji yakizidi yanakwenda kwenye mapafu na moyo. Mimi nilipangiwa nusu lita kwa siku na kikombe kidogo cha nyongeza. Mtaalamu wa lishe alinielekeza: asubuhi jaza chupa ya nusu lita, iweke mezani. Ukinywa chai, mimina kipimo hichohicho kutoka kwenye chupa. Ukinywa uji, mimina. Mke wangu alikuwa akimwagia mchicha. Chupa ikikauka, siku imekwisha, hata kama jua bado liko juu na Moshi inawaka joto la Februari. Huwezi kukopa ya kesho. Ukikopa, mzani wa Jumatatu utakusema mbele za watu.

Jumapili moja mwinjilisti alisoma habari za mana jangwani. Nimeisikia tangu niko shule ya Jumapili, na nilidhani ni habari ya chakula. Kila mtu aliokota pishi yake ya siku. Waliojiwekea akiba mpaka asubuhi wakakuta funza na harufu. Nikaiona chupa yangu mezani. Nikaiona na kalenda, na jinsi nilivyokuwa nimekusanya pale nyuma miaka kumi ya hofu, nikitaka kuila kwa nguvu niliyopewa ya siku moja. Ndiyo maana ilinuka. Na Yesu kule mlimani hakusema taabu hazipo; alizigawa siku kwa siku, na sala aliyotufundisha inaomba riziki ya leo tu. (Waisraeli siku ya sita waliokota maradufu kwa ajili ya Sabato. Mimi Jumamosi sipewi maradufu, na hilo nimemweleza Mungu zaidi ya mara moja.)

Wapo wanaosikia haya wakadhani nahubiri bora liende. Hapana. Duka nililikodisha kwa maandishi. Dawa za presha sasa nameza kwa saa. Mwaka juzi nilipanda migomba sita mipya, nikijua ndizi zenyewe nitaonja kipande, maana zina madini ya potasiamu ambayo moyo wangu hauyawezi; za kwangu hukatwa vipande vidogo, huchemshwa kwa maji mengi, maji yakamwagwa, na ladha ikaenda nayo. Kupanda mgomba ni kazi ya leo. Nitafanya nini mkungu ukiiva, hiyo siyo.

Sehemu ngumu zaidi kuisimulia ni ya mzee mmoja wa Rombo tuliyekuwa tukikaa zamu moja. Kila asubuhi nilimpa shikamoo, naye akaitikia marahaba ndefu, kisha akaniuliza nimekula nini, na alitaka kujibiwa kwa ukamilifu: mboga gani, imeungwa na nini. Mwanzoni nilimwona mbea. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ndiyo ilikuwa namna yake ya kukaa na mtu. Ijumaa moja nilikuwa na usingizi, nikamjibu "chai tu, mzee," nikageukia ukuta. Jumatatu kitanda chake kilikuwa kimetandikwa shuka jipya. Nilikuwa nimekula magimbi na maharage asubuhi ile ya Ijumaa, yameungwa kwa nazi. Bado naikumbuka mboga ile kwa sababu sikumwambia.

Wiki tatu zilizopita kitanda hicho kilipata kijana, hajafika hata thelathini, mpira shingoni, macho yamemtoka. Nilimwona akitafuta wa kumuuliza. Sista alikuwa upande wa pili, akanichagua mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu."

"Mzee, hii kitu ni mpaka lini?"

Jibu la saa sita nilikuwa nalo mdomoni, nikakumbuka nilivyolichukia. Nikamnyooshea mkono wa kushoto, pale madaktari walipoiunganisha mishipa, ule unaotoka moyoni na ule unaorudi. Kila nikiamka, kabla sijasali, naweka kidole hapo: ukiunguruma, uko hai leo, ukinyamaza, damu imeganda na inabidi kukimbilia hospitali. Nikamwambia naye aweke kidole. Aliogopa, kisha akaweka.

"Inatetemeka," akasema. "Kama simu iliyotolewa sauti."

"Ndiyo. Umekula nini asubuhi?"

Akafikiri. "Mkate na chai."

"Mkate wa nini? Wa duka au wa nyumbani?"

Akaanza kunieleza.