Aina ya Mti

Mwezi uliopita mshairi mwenzangu mmoja aliniomba shairi la beti saba la kuusifu msitu, alisome mbele ya wanafunzi wake. Nilikubali bila kusita. Aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili atashindwaje kuusifu msitu? Usiku uleule, nikiwa nyumbani kwangu Kibaha, niliketi nikaandika:

Msitu wangu mzuri, miti mingi na majani,
Ndege huimba vizuri, wakikaa matawini…

Mizani ilitimia, nane kwa nane. Vina vya kati na vya mwisho viliitikiana, ingawa mlezi yeyote wa washairi chipukizi angenikaripia kwa kufunga vipande viwili kwa neno moja, zuri, lililobadilishiwa kiambishi tu. Kasoro hiyo hurekebishika. Iliyoninyima usingizi ni nyingine. Ni mti gani huo? Ndege huyo anaitwaje? Mishororo yangu ingeweza kuwa ya msitu wowote duniani, na kwa hiyo haikuwa ya msitu hata mmoja.

Nikafungua kamusi. Anayetafuta miti katika kamusi zetu hukutana na kidahizo, alama ya ngeli, kisha, mara nyingi, maneno matatu: aina ya mti. Pengine huongezewa kwamba mbao zake ni ngumu, au kwamba magome yake ni dawa. Mvule, mninga, mpingo na mkongo imebahatika, kwa kuwa maseremala na wachongaji huitaja kila siku. Mingine mingi imebaki na jina lisilo na sura. Simlaumu mtunga kamusi. Yeye hukusanya kilichomo vinywani mwa watu, na kinywani mwangu mimi, mzawa wa Pwani, mlikuwa na mwembe, mnazi, mkorosho na mkwaju, miti ya uani na ya kando ya barabara. Nilipoitazama orodha hiyo fupi nikaamua kwenda msituni kabla ya kuandika neno jingine.

Msitu haukuwa mbali. Kibaha na Kisarawe ni jirani, zote za Mkoa wa Pwani, na upande wa Kisarawe, pale vilima vya Pugu vinapoanza kuinuka nyuma ya Dar es Salaam, ndipo ilipo misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo leo huhifadhiwa kwa pamoja kama hifadhi moja ya mazingira asilia. Ninaweza kushuka kwa barabara ya Morogoro hadi Kiluvya na kukata kwenda Kisarawe, au kuzunguka kupitia mjini, Gongo la Mboto na Pugu. Safari ya karibu namna hiyo, nilidhani, haihitaji mpango. Nilikosea.

Swali la kwanza la mpango lilikuwa la lugha. Ninakwenda wapi hasa? Rafiki yangu aliandika "msitu wa mvua wa kitropiki". Ni istilahi halali, lakini kwa Pugu haikai sawasawa. Msitu wa mvua ni ule wa Kongo, unaonyeshewa karibu mwaka mzima. Pugu na Kazimzumbwi ni misitu ya pwani. Huishi kwa masika na vuli na kwa unyevu unaoletwa na upepo wa bahari, kisha huvumilia kiangazi kama sisi sote. Ni mabaki ya ukanda wa misitu unaoonekana vipande vipande kutoka kusini mwa Somalia hadi Msumbiji, na kwa sababu vipande hivyo vimetengana kwa muda mrefu sana, vina mimea na wanyama wasiopatikana kwingine.

Lugha yenyewe ina maneno yake ya kale kwa mahali kama hapo, nayo hayalingani. Tuna msitu na mwitu. Mwitu siku hizi tunalikuta zaidi limejibanza nyuma ya majina mengine, kama katika nguruwe mwitu. Tuna nyika, kichaka na gugu. Tuna pori, neno lililoingiwa na dharau, kwa maana ukimwita mtu "wa porini" humsifu. Sikujua mpaka wa pori na msitu uko wapi, nami ni mtu ninayejidai kuwapima wenzangu maneno yao.

Swali la pili lilikuwa la majira. Masika msitu hupendeza, ila njia zake ni tope na utelezi. Nilichagua kipupwe, mwishoni mwa Juni, ardhi ikiwa imekauka na majani bado yana rangi. La tatu lilikuwa la ruhusa. Hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mgeni hulipa kiingilio na hupewa wa kumwongoza. La nne ndilo lililochelewesha yote. Mwongozaji angenionyesha njia, na yale mapango ya udongo mweupe wa Pugu ambamo popo hutoka kwa maelfu magharibi inapoingia. Mimi nilitaka mtu wa kunipa majina, na mtu huyo nilikuwa naye ndani ya ukoo.

Mjomba wangu anaishi Kisarawe. Nilimwendea siku ya Jumapili, nikamkuta barazani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hawajambo Kibaha?"

"Hawajambo, wanakusalimu. Mjomba, nataka kwenda Kazimzumbwi. Nataka unifundishe majina ya miti."

Alinyamaza kidogo. "Majina unayataka ya nini?"

"Ya shairi."

"La kuusifu msitu?"

"Ndiyo."

"Basi umekuja kumuuliza mwizi habari za nyumba."

Inanipasa nieleze. Katika miaka ya 1990 Mjomba alikuwa mchoma mkaa. Hakuwa peke yake. Dar es Salaam ilikuwa ikikua, jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ilikuta lina watu zaidi ya milioni 5, na jioni kila nyumba ilitaka moto. Pugu na Kazimzumbwi zilikuwa misitu iliyo karibu zaidi na moto huo. Zilikuwa zimehifadhiwa tangu enzi za ukoloni, lakini shoka halisomi mabango. Mjomba aliingia usiku, akakata, akapanga magogo, akayafunika kwa majani na udongo, akakaa kando ya tanuri kulichunga lisipasuke likawa majivu. Kisha magunia yalipanda baiskeli, yakashuka Pugu hadi mjini.

Na kuna jambo ambalo sikuwahi kuliandika. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwa Mjomba. Kila muhula alikuja Kibaha na noti zilizokunjwa ndani ya kitambaa, na kucha zake zilikuwa nyeusi. Vitabu nilivyosomea arudhi, daftari nililoandikia ubeti wangu wa kwanza, na hata ujuzi huu wa kuhesabu nane kwa nane, vyote vilinunuliwa kwa magunia. Nilitaka kuusifu msitu ulionilipia ada kwa kuungua, na katika sifa zangu sikuweza kuutajia hata mti mmoja.

Siku ile Mjomba hakunifundisha majina kama mwalimu wa mimea afanyavyo. Aliyataja kwa kazi. Mpingo, aliokuwa akiukuta pembezoni kwenye uwazi, una mkaa mzito wenye moto mkali, lakini hulivunja shoka moyo. Mkongo ni mgumu, na ukiukata usiku mlio wake huamsha watu wa mbali. "Mbuyu haufai mkaa," alisema, "ndiyo maana umezeeka." Msandarusi hakuusemea mkaa. Aliusemea babu yake, aliyesimuliwa na wazee habari za kuchimba sandarusi ardhini, utomvu wa kale uliogeuka jiwe.

Hapo nilikuwa na la kumwongezea. Katika karne ya 19 sandarusi ya Uzaramo ilifika Unguja kwa wafanyabiashara, ikavuka bahari hadi Salem, huko Marekani, ikayeyushwa kuwa vanishi. Neno lenyewe lilitujia kwa Kiarabu na Kiajemi, nasi tukalipa ngeli na kulitengenezea mti: sandarusi, msandarusi. Mjomba alisikiliza kwa makini. "Kwa hiyo na wao waliuuza msitu," alisema. Nilimjibu kwamba wao waliokota ulichokwisha kudondosha. Akaafiki kwamba hiyo ni tofauti.

Nilipomtajia mkole alitikisa kichwa. "Huo si wa shoka. Huo ni wa mwali. Kawaulize shangazi zako." Katika mila za Wazaramo mkole ni mti wa unyago, na mwanamume hana la kusema juu yake. Nikaandika daftarini: majina ya msitu hayakai kinywani mwa mtu mmoja. Mengine yako kwa wachoma mkaa, mengine kwa waganga, mengine kwa makungwi. Anayemuuliza mmoja tu hupata nusu ya msitu.

Kisha akanieleza kuhusu komba. Wasemaji wa Kiswahili tunamjua mnyama huyu kwa ulevi, na husema fulani amelewa kama komba, kwa sababu ya kupenda kwake tembo la mnazi. Mjomba aliwajua kwa sauti. Usiku akichunga tanuri aliwasikia wale wakubwa wakilia kama watoto, na pengine akasikia sauti nyingine, nyembamba na ya haraka, ya komba mdogo asiyejaa kiganja. Baadaye nilisoma kwamba katika misitu hiyo yumo komba wa Rondo, ambaye wataalamu walimtambua kama spishi ya pekee katika miaka hiyohiyo ya 1990. Ana uzito wa gramu 60 hivi, na yumo hatarini kutoweka. Kama sauti aliyoisikia Mjomba ilikuwa yake au ya jamaa yake mwingine, siwezi kuapa. Nilichokiona ni kwamba sayansi ilikuwa ikimtafutia mnyama jina wakati mjomba wangu alikuwa akiikata nyumba yake, na wote wawili walikuwa wakimsikia.

Kabla sijaondoka nilimuuliza lile swali langu la pori na msitu. Hakufikiri. "Porini unatembea na kivuli chako. Msituni kivuli chako hukioni, maana kote ni kivuli." Sijapata kuiona fasili hiyo katika kamusi yoyote, na tangu siku ile sijaweza kuandika neno msitu bila kujiuliza kama kivuli changu kinaonekana.

Basi mpango wa safari sasa uko hivi. Nimetengeneza daftari lenye safu tatu. Ya kwanza ni ya jina. Ya pili ni ya kazi: jina hili lilijulikana kwa sababu gani, na kwa nani? Ya tatu ina maneno mawili tu ya kuchagua, upo au haupo. Nadhani safu hiyo ya tatu ndiyo itakayokuwa shairi. Jikoni kwangu kuna mtungi wa gesi, lakini kando yake lipo jiko la mkaa, na wiki hii liliwashwa mara mbili. Jambo hilo pia litaingia, kwani shairi linalomshitaki Mjomba na kunisamehe mimi halitakuwa na haki hata likiwa na vina.

Sikutaka kumlazimisha aje. Macho yake yamepungua nuru, na nilijua kwamba uzee haukuwa kizuizi pekee. "Nitaingiaje kwa mlango," aliniuliza siku ile, "mahali nilipozoea kuingia usiku?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba nitakwenda mwenyewe na nitamletea majani ayatambue kwa kuyanusa. Tuliagana hivyo.

Rafiki yangu nimemwomba asubiri. Ninyi wapenzi wa lugha nawaomba jambo dogo. Mzee aliye karibu nanyi, awe mvuvi, mganga, kungwi au mchoma mkaa, muulizeni jina moja la mti na kazi yake, mliandike kabla halijabaki maneno matatu ya kamusi.

Jana jioni Mjomba alipiga simu. Alisalimu, akauliza hali za watoto, akazunguka kama azungukavyo mtu mwenye neno.

"Hicho kiingilio," alisema mwishowe, "ni shilingi ngapi?"

Nikamwambia asijali, nitamlipia.

"Hapana," alisema. "Siku zote niliingia bure. Safari hii nitalipa mwenyewe."